Ufunguo Uliokwenda Semina

Mzee Piusi wa Gidamara alikuwa na bunduki ya mitutu miwili aliyoiita Bi Mkubwa, na kibali chake cha kuimiliki kilining'inia ukutani ndani ya fremu ya kioo, pembeni ya picha ya harusi yake na juu kidogo ya Bikira Maria. Marehemu mkewe alilalamikia mpangilio huo mpaka anaingia kaburini. Piusi alimjibu siku zote kwamba Mama Maria mwenyewe hana kinyongo, maana anajua nani analala nje kulinda mahindi.

Sifa za Bi Mkubwa zilikuwa nyingi, na zote zilitoka kinywani mwa mwenye mali. Siku moja, alisema, alifyatua hewani tu, tembo wakapiga magoti mstari mzima kama watoto wa komunyo ya kwanza. Siku nyingine risasi ilimkosa nyati, ikazunguka msitu wote wa Ngorongoro ikimtafuta, ikarudi jioni imechoka, ikaanguka mlangoni kwake ikiwa bado ya moto. Watu walicheka, wakamwongezea kikombe, wakamwomba nyingine.

Lakini chini ya uongo huo palikuwa na ukweli ambao hakuna aliyeucheka. Shamba la Piusi lilikuwa la mwisho. Ukivuka mfereji wake, umeingia msituni, na uzio hakuna. Mnyama anayetaka mahindi ya Gidamara hupita kwanza kwa Piusi, kama mgeni anavyopita kwanza kwa balozi.

Shida ilianzia kwenye harusi moja pale kijijini. Mlevi mmoja, naye mwenye kibali kama Piusi, alitaka kuwashangilia maharusi kwa mlio wa bunduki. Akajikwaa kwenye kamba ya turubai, na marisau yakamwingia shangazi wa bwana harusi pajani. Aliyemhangaikia shangazi yule juu ya meza ya keki, keki ikiwa imesukumwa pembeni, alikuwa Marsela, muuguzi wa zahanati ya kijiji na mke wa Patrisi, mtoto wa kwanza wa Piusi. Shangazi alipona. Hasira ya Marsela haikupona.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama na kanga yake kiunoni, akasema bunduki zote za Gidamara zifungiwe ofisini, mwenye nayo aende kuiomba akiwa na sababu na akiwa hajanywa. Mikono ikapanda juu kama mtama. Mkono wa baba mkwe wake ulibaki chini peke yake, umekunjwa ngumi.

"Mama," Piusi alimwambia baada ya mkutano, maana hivyo ndivyo mtu na adabu zake anavyomwita mke wa mwanawe hata akiwa anataka kumng'ata. "Umemnyang'anya baba mkwe wako mke wake wa pili."

"Shikamoo, baba. Mke huyo ana midomo miwili na yote haina adabu."

"Marahaba. Ila hajawahi kumtukana mtu. Anatukana nyati tu."

"Hata yule wa harusini alisema hivyo hivyo."

"Mimi na yule mlevi ni mizani moja? Mimi kibali changu kiko ukutani! Serikali ilinipa ikiwa na akili timamu, na mimi nikiwa na akili timamu! Sasa nyati akija nimwambie nini? Karibu kiti, naenda kuomba bunduki, usianze kula mpaka nirudi?"

Marsela akacheka bila kupenda, akaenda zake. Lakini Piusi hakuwa anatania. Tangu siku hiyo alivaa mkanda wake wa risasi kila mahali, mkanda mpana wa ngozi ambao sasa haukuwa na risasi hata moja, matundu yake yakipiga miayo. Alikwenda nao kanisani, kilabuni, mazishini. Akiulizwa, alijibu kwamba yuko kwenye eda.

Sasa, Marsela alikuwa na ombi la pili, na hilo ndilo lililomtia wazimu yeye. Wageni fulani waliopita zahanati walimwachia mfuko mwekundu wa kuzuia damu. Ndani mlikuwa na mikanda yenye kijiti cha kuzungushia, vitambaa vya kusokomeza kwenye kidonda kirefu, mkasi na glovu. Marsela alitaka mfuko huo utundikwe kwenye msumari barazani kwa ofisi ya kijiji, penye njia panda, ambapo yeyote anaweza kuunyakua akikimbia. Tena akajitolea kufundisha. Siku ya mafunzo wanaume walikaa dakika chache, wakaona mguu wa Marsela mwenyewe ukifungwa mkanda juu ya paja la suruali, wakasikia "funga juu ya kidonda", wakaondoka kwenda kuangalia mpira.

Piusi aliondoka nao, tena akiwa mbele. Yeye alikuwa na imani yake. "Anayebeba bandeji anamwita nyati kwa jina," alisema. "Mnyama anajua. Anakunusa, anajisemea, huyu kajiandaa, tusimwangushe."

Mtendaji wa kijiji, bwana Wilibrodi, aliyependa utaratibu kuliko ndizi nyama, alipokea mawazo yote mawili ya Marsela kwa moyo mkunjufu kiasi kwamba akayaunganisha. Lilipoletwa kabati la chuma, bunduki zikaingia. Kisha, kwa kuwa mfuko mwekundu nao ni mali ya umma, na mali ya umma ikitundikwa msumarini huota miguu, nao ukaingia. Kabati moja, kufuli moja, ufunguo mmoja. Ufunguo ukakaa mfuko wa shati la mtendaji, karibu na moyo.

"Mtendaji!" Marsela alipiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka zahanati kutazama. "Damu inasubiri ufunguo?"

"Dada Marsela, utaratibu. Mkiuhitaji, mnaniambia tu."

"Na mwenye kuvuja damu naye akwambie?"

"Au ndugu yake."

Piusi alikuwa anapita na mkanda wake mtupu kiunoni. Alisimama, akafurahi kama aliyeokota jogoo. "Umeona, mama? Ulimfungia mke wangu, wamemfungia na mtoto wako."

Marsela alimtazama kwa macho ambayo mkwe hapaswi kumtazamia mkwe, akarudi zahanati, akafunga mlango.

Nyati alikuja siku ya mnada, jua likiwa limeshapanda na ukungu unakatika juu ya msitu. Alikuwa dume mzee mpweke, mweusi, mwenye tope mpaka kwenye nyusi, wa aina ile inayofukuzwa na wenzake kwa ubaya wa tabia. Alisimama katikati ya mahindi ya Piusi akila kwa utulivu wa mtu aliyelipia. Wanawake wa jirani walishafika na madebe na masufuria. Piusi akapiga simu kwa askari wa wanyamapori. Aliyepokea, kwa upole mkubwa, alisema gari limekwenda upande wa pili, likirudi litakuja. Akampigia mtendaji.

"Mzee wangu," Wilibrodi alinong'ona, "siwezi kuongea, niko semina. Hapa Karatu mjini."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao."

"Nyati yuko shambani. Leta bunduki yangu."

"Mzee, semina hii ni ya utayari wa dharura."

"Ya nini?"

"Utayari wa dharura. Dharura ikitokea kijijini, jamii ijipange vipi."

Piusi aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Basi imetokea. Njoo utupange."

"Sasa hivi tuko kwenye chai. Halafu kuna mada ya mwisho. Waambie wananchi wasimchokoze mnyama."

"Na yeye yuko kwenye chai!" Piusi alifoka. "Anakunywa shamba langu! Una akili wewe? Mtu unaondokaje na ufunguo wa kijiji kizima mfukoni kama peremende?" Lakini simu ilishakatika, na maneno mengine, ambayo yalikuwa mabaya zaidi, yaliishia kwake na kwenye ukungu.

Hapo ndipo Lekoko alipotokea. Lekoko alikuwa mfugaji wa huko juu, ndani ya hifadhi, na rafiki wa Piusi tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Kule juu kulima ni marufuku, kwa Piusi malisho hakuna, kwa hiyo walishapatana zamani: mtamba wa Piusi alikaa kwenye zizi la Lekoko, na mahindi ya Piusi yalipanda kwenda kwa Lekoko. Kila siku ya mnada Lekoko akiteremsha ng'ombe alikatiza kwa Piusi kunywa chai. Siku hiyo alikuwa na Sitonik, mtu wa rika lake, waliotahiriwa pamoja na kugombana pamoja maisha yao yote.

"Rafiki," Lekoko aliita kutoka mferejini, "leo chai inapigiwa debe?"

"Rudi nyuma! Kuna mume mwenzangu ndani ya mahindi!"

"Bi Mkubwa yuko wapi?"

"Kafungwa!"

Nyati alichoka na madebe. Hakukimbilia msituni kama nyati mwenye malezi. Alielekea upande wa wanawake, kichwa chini, na mahindi yakalala mbele yake kama nyasi. Lekoko akavua shuka yake nyekundu, akairusha na kupiga ukelele ule wa kuwaita ng'ombe, akakimbia kukatiza mbele ya pua ya mnyama. Nyati akageuka. Ilikuwa mara moja tu, kama mtu anayefungua pazia kwa kichwa. Lekoko akapanda juu, akarudi chini, na nyati akaruka mfereji akaingia msituni bila hata kutazama alichofanya.

Piusi alifika wa kwanza. Pembe ilikuwa imefungua paja katikati, na damu haikuwa inatiririka, ilikuwa inaruka, inapumzika, inaruka, kama bomba la shule lililopasuka. Alijua kitu kimoja tu katika yote aliyofundishwa na mkamwana wake kabla ya mpira: funga juu ya kidonda. Akavua mkanda wa risasi, akaupitisha juu ya paja, akavuta kwa nguvu zake zote za uzee, akafunga.

Damu ikazidi.

"Fungua!" Sitonik alimrukia, akaulegeza mkanda. "Fungua, unamtoa damu! Sisi tukitaka damu ya ng'ombe ya kunywa tunamfunga kamba shingoni hivi hivi! Mshipa unasimama, tunampiga kishale, kibuyu kinajaa. Tukitaka ikome tunafungua kamba! Umemfanya mtu wa rika langu ng'ombe wa kunywewa?"

"Ng'ombe ni ng'ombe! Toa mkono!"

"Tazama mwenyewe, ulipofunga ilizidi!"

"Na ulipofungua imepungua? Hebu tazama! Imepungua?"

Haikuwa imepungua. Piusi akafunga tena, Sitonik akalegeza tena, wazee wawili juu ya mwenzao wakivutana mkanda kama watoto wanaogombea mpira wa makaratasi, na kila aliposhinda mmoja, udongo ulizidi kulowa. Sitonik alikuwa anatukana kwa Kimaasai, Piusi kwa Kiiraqw, na wote wawili walikuwa wanalia.

"Mkimaliza," Lekoko alisema kutoka chini, sauti imekuwa nyembamba, "mniambie nani kashinda."

Marsela alikuwa amesikia madebe kutoka zahanati. Alifika nyuma ya bodaboda, akaruka kabla haijasimama, akapiga goti lake lote juu ya paja la Lekoko, karibu na kinena, akalikandamiza kwa uzito wa mwili wake. Damu ikashtuka, ikapunguza mwendo.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi," Piusi alisema.

"Nani kafungua?"

"Mimi," alisema Sitonik.

"Basi mnamuua kwa ushirikiano. Mzee Sitonik, una haki, kamba iliyolegea inazidisha damu, ndiyo maana mnaitumia kwa ng'ombe. Na wewe baba una haki, lazima afungwe. Ila umefunga kama unafunga suruali! Inatakiwa kukaza mpaka damu isipate njia, ya kwenda wala ya kurudi. Nipe rungu."

"Rungu?" Sitonik alilishika kifuani.

"Nipe!"

Akalipenyeza chini ya mkanda, akaanza kulizungusha. Mkanda ukakunjamana, ukazama nyamani. Lekoko, ambaye siku ya tohara hakupepesa hata ukope na ukoo mzima unalihadithia jambo hilo, alipiga kelele iliyowanyamazisha ndege.

"Anaumia!" Piusi akasema.

"Mwache aumie. Anayeumia yupo. Zungusha, mzee, usilegeze, wewe una mikono."

Sitonik akazungusha rungu lake mwenyewe, machozi yakimdondoka ndevuni. Na damu ikakoma. Ilikoma kama mtu aliyekatizwa neno mdomoni.

Silvanus jirani alikuwa ameshaleta gari lake dogo la kubebea vitunguu. Wakampakia Lekoko juu ya magunia, Sitonik akishikilia rungu, Marsela akishikilia Sitonik. Hawakufika mbali. Ngozi ya mkanda wa risasi ilikuwa kuukuu kuliko hadithi zake, na kwenye lile tundu la kwanza ilikuwa imeanza kuchanika.

"Baba," Marsela aliita, na hakuwa na sauti ya ugomvi tena. "Mkanda hautafika Karatu."

Walikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Mlango ulikuwa wazi, kama siku zote, na ndani, mahali mwanga wa dirisha ulipoangukia, kabati la chuma lilikuwa limesimama na kufuli lake jipya. Watu walishajaa njia panda. Kila mtu alitazama kabati. Kisha kila mtu akamtazama Piusi, maana alikuwa amesimama kwenye gari na shoka la Silvanus lilikuwa miguuni pake.

Lazima nieleze uzito wa shoka lile. Kuvunja mahali zinapohifadhiwa silaha si sawa na kuvunja banda la kuku. Piusi alijua. Miaka yote amejisifu kwamba kibali chake hakina doa hata la nzi, na tangu mkutano ule alikuwa anapanda ngazi za ofisi moja hadi nyingine akidai haki yake ya kubeba bunduki aliyopewa kihalali. Apige kufuli lile mara moja tu, atakuwa amewapa sababu ya kumnyima milele. Marsela naye alijua, ndiyo maana hakumwomba. Alikaza macho kwenye mkanda tu, akiutazama unavyochanika.

Piusi akashuka na shoka.

Kufuli lilikuwa imara kuliko mwenye ufunguo. Alipiga akitukana, na kila pigo lilikuwa na anwani yake: hili la chai, hili la mada ya mwisho, hili la mfuko wa shati. Hatimaye bawaba ndizo zilizokubali. Mlango ukafunguka kwa upande usio wake, na hapo mbele kabisa alikuwa amesimama Bi Mkubwa, bado anang'aa kwa mafuta aliyompaka yeye mwenyewe siku ya kuachana. Mfuko mwekundu ulikuwa nyuma yake, chini, umekandamizwa na vitako vya bunduki.

"Sogea, bibi," Piusi akasema, akamweka pembeni, akauchomoa mfuko.

Marsela aliupasua kwa meno. Mkanda mpya ukapita juu ya ule wa zamani, kijiti kikazungushwa, kikafungwa. Ule wa zamani ukakatika wenyewe, kama mtumishi aliyesubiri apokelewe zamu.

"Panda, baba, twende!"

Piusi aliweka mguu kwenye gurudumu. Akageuka. Kabati lilikuwa wazi, bunduki zote zinatazama nje, na kwenye lile kundi la watu alikuwepo yule mlevi wa harusini, kasimama karibu kuliko wote.

"Nani atabaki na hizi?" aliuliza.

Akauondoa mguu. "Nendeni. Mwambie rafiki yangu akifa asinisalimie tena."

Akavuta kigoda, akakaa mlangoni mwa ofisi, shoka mapajani.

Jirani mmoja akamwambia, "Mzee, si nafasi hiyo? Chukua Bi Mkubwa, umfuate nyati."

"Nimevunja kwa ajili ya mfuko," Piusi alisema. "Nikigusa bunduki, nitakuwa nimevunja kwa ajili ya bunduki. Kaa mbali."

Lakini watu wa Gidamara walimpenda, na hawakutaka aende jela. Wakaanza kumtungia. Aseme ni nyati aliyevunja! Si yuko? Si ana pembe? Akatoka shambani, akaingia ofisini, akapiga kabati. Piusi alisikiliza, na damu ya utunzi ikamchemka. Alishaanza kumwona: nyati anafuta miguu kwenye zulia, anauliza mtendaji yuko wapi, anaambiwa yuko semina, anakasirika kama sisi wote. Lo, ilikuwa hadithi nzuri, labda nzuri kuliko zote alizowahi kusimulia, nayo ingemwokoa.

Wilibrodi alifika na polisi mmoja kijana ndani ya gari la serikali. Alisimama mbele ya kabati lake, akashika kichwa. "Nani? Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Piusi akasema. "Kwa shoka hili. Na ukilifunga tena na mfuko ndani, nitalivunja tena."

Minong'ono ikapita. Polisi akamwamkia, akatoa kalamu, akasema, "Mzee wangu, eleza pole pole. Ulitaka kuchukua nini?"

"Mfuko wa kuzuia damu."

"Kwenye kabati la bunduki?"

"Ndimo alimouweka."

"Nani anaweka mfuko wa damu kwenye kabati la bunduki?"

"Huyu."

"Na kwa nini hukumwomba afungue?"

"Nilimpigia. Alikuwa Karatu, na ufunguo mfukoni."

"Akifanya nini?"

"Semina ya dharura."

Polisi alishusha kalamu. Akatabasamu, tabasamu la kijana anayemheshimu babu. "Mzee, nimeambiwa njiani kwamba wewe ni bingwa wa hadithi. Hii nzuri. Sasa niambie ukweli."

Piusi akainuka kutoka kwenye kigoda. Maisha yake yote amesimulia tembo waliopiga magoti, na watu wakamnunulia pombe. Leo amesema jambo kama lilivyo, bila kuongeza hata chumvi ya kidole, na anaambiwa aache hadithi.

"Mwambie!" alimgeukia Wilibrodi, na sauti yake ikagonga mabati. "Mwambie mimi ni mwongo! Mwaka mzima mnaniambia Piusi hawezi kuaminiwa na bunduki yake. Sawa! Mwenye kuaminiwa ni nani? Mtu ambaye bunduki kafungia, dawa kafungia, halafu kajifunga na yeye mjini anakunywa chai ya dharura! Rafiki yangu kamwaga damu yake kwenye mahindi yangu kuwaokoa wanawake wa kijiji chako, na kitu cha kuizuia kilikuwa hapa, hapa! Mtu yeyote angekinyakua msumarini! Toa ufunguo. Utoe, aone kama ni hadithi!"

Wilibrodi hakutaka, lakini mkono wake ulishakwenda kwenye mfuko wa shati. Ufunguo ukatoka, mdogo, mpya, unang'aa. Na alipouinua, ukajinasa kwenye utepe uliokuwa bado shingoni mwake, wenye kadi ya plastiki. Polisi akaishika kadi, akaigeuza, akaisoma kwa sauti bila kukusudia.

"Mshiriki. Semina ya Utayari wa Dharura."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo jambo ambalo Piusi husisitiza mpaka leo: watu mia Gidamara, na hakuna aliyecheka.

Polisi alisema pole. Alisema pia sheria ni sheria, kabati limevunjwa, silaha haziwezi kubaki hapo, kibali cha mzee kitasimamishwa wakati suala linaangaliwa. Piusi akambeba Bi Mkubwa mwenyewe mpaka kwenye gari, akamlaza kwenye kiti cha nyuma. Simu ikalia akiwa bado kainama.

"Yuko hai," Marsela alisema. "Mguu pia. Daktari kauliza nani alimfunga kule shambani."

"Ukamwambia nani?"

"Nikamwambia rungu."

Suala bado linaangaliwa. Fremu ukutani ina kioo tu, na kila siku ya mnada Piusi anapanda zile ngazi za ofisi kudai bunduki yake, akiwa na hasira mbichi kama jana. Marsela bado anasema bunduki zikae chini ya kufuli, na wanaligombania jambo hilo kila Jumapili juu ya ugali, mpaka Patrisi anahamisha sahani yake nje. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Ila kuna jambo moja wanalofanya bila kugombana. Patrisi, dereva wa watalii, huleta kutoka gereji za Karatu mikanda ya viti ya magari chakavu. Piusi huishona kwa sindano ya magunia na kuifungia kijiti cha mzeituni pori, na Marsela huijaribu mmoja mmoja kwenye paja la mzee mwenyewe, akikaza mpaka mzee anaomba msamaha wa dhambi zote za Bi Mkubwa. Sitonik alichukua fungu, akapanda nalo juu. Anawafundisha vijana wa kule tofauti ya kamba ya ng'ombe na kamba ya mtu, na anasema aliigundua yeye.

Mkutano uliofuata Wilibrodi alikuja na kabati jipya, kubwa zaidi. Alipongeza juhudi za wananchi. Kisha akasema kwamba, kwa usalama, mfuko mwekundu na ile mikanda ya kienyeji viletwe ofisini, vihifadhiwe kwa utaratibu.

Marsela akasimama, akainua kidogo pembe ya kanga yake. Mkanda mweusi wa gari la watalii ulikuwa umefungwa kiunoni. Bibi aliyekaa nyuma yake akasimama, naye anao. Silvanus akafunua koti. Lekoko, aliyeteremka kwa fimbo na mguu mgumu kunywa chai yake ya mnada, akarusha shuka begani, naye anao. Benchi kwa benchi watu wakasimama, kanga zikafunuliwa, makoti yakafunguliwa, mpaka hakukuwa na aliyekaa isipokuwa mtendaji.

Piusi alikuwa wa mwisho. Alijipapasa mahali ulipokuwa mkanda wa risasi.

"Haya, bwana mtendaji," akasema. "Njoo utuvue."